Nyota nne na nusu: vikundi vya kuacha pombe nilivyopitia Nairobi

Kabla ya vikundi, niwaeleze sindano. Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko Mutindwa, mwaka wa 14 sasa. Fundi hujulikana asubuhi anapotunga uzi. Unalamba ncha, unaikaza kwa meno, unafumba jicho moja, unapitisha. Mwaka wangu wa mwisho wa kunywa nilishindwa na kazi hiyo. Saa mbili asubuhi uzi unapita kulia kwa tundu, unapita kushoto kwa tundu, kama mbu asiyejua atue wapi. Chini ya meza nilikuwa na chupa ya chai ya samawati, na ndani hamkuwa na chai. Vifuniko viwili, nahesabu hadi mia, mkono unatulia, uzi unaingia. Vijana huita hiyo kutoa lock, yaani kuondoa uchovu wa pombe ya jana kwa pombe. Mimi nilikuwa naiita kufungua duka.

Naandika haya kwa sababu nilipoanza kutafuta msaada nilikuta watu wamesifu na kuponda kila kibanda cha nyama choma jijini, lakini kuhusu mahali pa kwenda ukitaka kuacha, kimya. Watu wanaona haya. Haya yangu iliisha siku mteja alipovaa gauni la harusi ya dada yake, akakuta mkono wa kulia nimeushona kushoto na wa kushoto kulia. Alisimama pale kibandani mabega yamepinda, hata hakunipigia kelele. Alilia tu.

Kwanza nilikwenda kwa karatasi za nguzo za stima. Unazijua: mapenzi, kesi ya shamba, nguvu za kiume, na chini kabisa kwa herufi ndogo, kuacha pombe. Sh 1,500 kwa unga wa kijivu wa kutia kwenye chai. Niliutia, chai ikawa chungu, nikaiteremshia na kile cha chupa ya samawati. Nyota sifuri, tuendelee.

Halafu nikajaribu peke yangu, na hapa naomba usome polepole hata kama mengine utayaruka. Niliacha Jumapili usiku, ghafla, kwa hasira. Jumatatu ikawa jasho na kutapika. Jumanne alfajiri nilianguka jikoni nikashikwa na kifafa, mimi ambaye sikuwahi kuwa na kifafa maishani. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenilaza ubavu na kuita jirani mwenye gari. Daktari alinieleza baadaye kwamba mwili uliozoea pombe kila siku kwa miaka, ukinyimwa kwa mara moja, unaweza kukuua. Kutetemeka huanza baada ya saa chache. Kifafa kikija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Baada ya hapo, siku ya pili hadi ya nne, kuna wanaoona vitu visivyokuwepo, moyo unakimbia, joto linapanda, na wengine hawarudi. Nililazwa. Nilipewa diazepam, kila siku kipimo kikishushwa kidogo, na vitamini B1 kwa sindano. Kwa hiyo kama unasoma haya asubuhi na mkono unatetemeka, kituo chako cha kwanza ni hospitali, kikundi kitakungoja. Kikundi hakina dripu.

Na usiogope jina Mathari. Pale Thika Road pamekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili tangu 1910, na sisi wote tumekua tukitaniana nayo, lakini wana kitengo cha waraibu wa pombe na dawa za kulevya. Ukiwa kwenye foleni ile utagundua hakuna wa kukucheka. Kila mtu anatazama viatu vyake.

Nikiwa bado wodini nesi aliniandikia namba 1192 juu ya pakiti ya dawa. Ni ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na haikati salio, mchana wala usiku. Nilipiga usiku wa tatu baada ya kurudi nyumbani, nimejifungia chooni, bomba nimelifungua ili binti asisikie. Mwanamke aliyepokea hakuniuliza kabila wala dini. Aliniuliza nilikuwa nakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho ni lini, na kama niko peke yangu ndani ya nyumba. Yeye ndiye aliyeniambia nitafute kikundi, tena nisitafute kimoja, nitafute viwili au vitatu nichague. Nyota tano kwa sauti ile, na maji niliyomwaga usiku huo nilimlipa mwenye nyumba.

Basi nikaanza kuzunguka.

Kikundi cha kwanza kilikuwa cha maombi, katika kanisa moja la mtaani nisilotaja. Walinipokea vizuri, uji wa wimbi mzito, nyimbo, mikono juu ya kichwa. Nilipata amani siku hiyo, sidanganyi. Lakini Jumapili iliyofuata mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda wa siku tisa mbele ya kanisa zima, na Jumatatu mama wa mitumba wa kibanda cha tatu kutoka changu akaniuliza, "Mama, kumbe ni pombe? Sisi tulidhani ni presha." Tena hapakuwa na mpango wowote wa Jumanne. Jumapili pepo limetolewa, Jumanne kiu iko palepale, ukisema bado iko wanakutazama kama uliyemrudisha pepo kwa mkono wako mwenyewe. Nyota mbili, na moja ni ya uji.

Nisiwe mkali kwa makanisa yote. Wakatoliki wana chama chao cha wasiogusa pombe kabisa, Pioneer, kilianzia Ireland mwaka 1898, wanavaa beji ya Moyo Mtakatifu. Mama mkwe wangu aliivaa hadi alipozikwa, na hakuonja hata muratina, pombe ya kienyeji, kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti yake. Namheshimu. Ila kwa nionavyo mimi, ile ni njia ya mtu mwenye ahadi ya kutunza. Mimi nilikuwa nimezivunja zangu zote, nilitaka mahali panapoanza na vipande.

Kituo kimoja cha binafsi kiliniitisha sh 80,000 kwa mwezi, kulala na chakula. Sina. Wakaniambia basi kuna kikundi cha WhatsApp kwa sh 2,000 kila mwezi. Nililipa mwezi mmoja. Kila asubuhi picha ya alizeti na maneno ya kutia moyo. Usiku mmoja niliandika "nimeshika kota mkononi", ile chupa ndogo ya pombe kali, na jibu la kwanza lilikuja saa tatu asubuhi, nalo lilikuwa alizeti. Nyota moja.

Sasa AA, yaani Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha. Mkenya akisikia AA anafikiria magari, kile chama cha madereva chenye shule ya udereva. Siku ya kwanza nilimwambia kijana wa boda anipeleke kwa mkutano wa AA, akaniuliza kwa heshima kabisa, "Mathe, unaenda kufanya mtihani wa kuendesha?" Nikamjibu ndiyo. Haikuwa uongo mkubwa sana. AA hii yetu ilianzia Marekani, mji wa Akron jimbo la Ohio, mwaka 1935, walevi wawili walipogundua kwamba mmoja akizungumza na mwenzake usiku unapita bila chupa. Mmoja alikuwa mtu wa soko la hisa, wa pili daktari wa upasuaji. Hiyo ya daktari ilinifariji: kumbe na yeye alikuwa na mikono ya kuhofia.

Hakuna kiingilio na hakuna ada. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha kunywa. Hapapigwi muhuri, huombwi kitambulisho. Mwisho kofia au kikapu hupitishwa, mwenye kumi anatia kumi, asiye nayo anapitisha, pesa ni za kodi ya chumba na majani ya chai. Na hata tajiri akija na hundi nene kutoka nje hawachukui, ni desturi yao kujitegemea. Kwa mtu aliyetoka kwa alizeti za sh 2,000, nilikaa nikingoja waniambie bei hadi mkutano ukaisha.

Mkutano ule wa kwanza ulikuwa upande wa Hurlingham, saa kumi na mbili na nusu jioni. Watu waungwana. Wakili, mwalimu, Wazungu wawili, kijana wa benki ambaye tai yake ilikuwa bado haijalegezwa. Kilichonishinda ni vitu viwili.

Cha kwanza ni njia. Kutoka Mutindwa lazima nifunge kibanda saa tisa na nusu, nisagwe na Jogoo Road hadi mzunguko wa City Stadium, nishuke mjini, nitafute 46 ya Kawangware. Sh 300 kwenda na kurudi, mvua isiponyesha. Ikinyesha unajua mwenyewe makanga wanavyofanya. Wazee wa AA hukushauri mgeni uhudhurie mikutano 90 kwa siku 90. Nilipiga hesabu kwa chaki kwenye meza ya kukatia: sh 27,000 za matatu. Ni kweli chupa ya samawati ilikuwa inakula zaidi ya hizo, lakini pombe inakopesha na makanga hakopeshi.

Cha pili ni lugha. Pale kila mtu alijitambulisha kwa Kiingereza, jina, halafu "I am an alcoholic". Nilikisema kile kisentensi vizuri tu, kama ninavyosoma fomu ya benki. Hakikuniuma mahali popote. Nikarudi nyumbani na 46 nikijiuliza mbona kila mtu analia mimi nimekauka.

Nyota tatu na nusu, na kama unaishi Kilimani au Kawangware jiongezee moja.

Kile ninachokwenda mpaka leo kiko Eastlands, sitataja mtaa. Nilikisikia kwa mwanamke niliyekaa naye Hurlingham, yeye naye alikuwa anachoka na safari. Ghorofa ya pili, chumba cha viti vya plastiki, jioni mbili kwa wiki, saa kumi na moja na nusu. Saa hiyo ndiyo iliyoniokoa, na nitaeleza kwa nini. Tangu ile sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, baa siku za kazi hufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Hata mimi niliyekuwa na baa yangu chini ya meza, mwili ulikuwa umeishika ile saa. Saa kumi na moja ikigonga, mate yanajaa. Mkutano wa saa kumi na mbili na nusu ulinikuta nimeshapigana na kushindwa. Huu wa saa kumi na moja na nusu unanikuta nikiwa ngazini, napanda, hasira zikiwa bado mpya. Ukiniuliza uchague kikundi kwa kipimo gani, achana na sifa. Uliza kinaanza saa ngapi, na nauli ni ngapi.

Ila ngazi zenyewe! Chini ya ukumbi wetu kuna baa. Sio karibu, ni chini yake, mlango mmoja wa kuingilia. Unapita kwenye harufu ya mishikaki na bia iliyomwagika, rumba inadunda hadi kwenye miguu ya viti vyenu huko juu. Kodi ya pale ndiyo tunayoiweza. Wageni wawili nimewaona kwa macho yangu wakija kwa mkutano wakaishia ghorofa ya chini.

Juu mlangoni hukaa mzee asiyeona. Alipoteza macho Novemba 2000, ile pombe haramu ya kumi kumi iliyochanganywa na methanoli iliyoua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi, wengi wao Mukuru Kaiyaba. Mwili huigeuza methanoli kuwa sumu inayokausha mshipa wa jicho. Alilala anaona, akaamka akidhani stima imepotea. Glasi ilikuwa sh 10, ndilo jina lenyewe. Yeye hupokea kila mtu kwa mkono, na haachilii upesi. Siku yangu ya kwanza alinishika kiganja akakaa nacho kidogo kama anayepima mkate.

"Mama, mkono unatetemeka."

"Ni ngazi, mzee."

"Ngazi hazitetemeshi vidole. Karibu, keti karibu na dirisha."

Pale wanazungumza Kiswahili, na ndipo zamu yangu ilipofika nikagundua kisentensi kile kina meno. Kwa Kiswahili hakuna pa kujificha. Mraibu ni neno la mtangazaji wa habari. Mtaani neno ni mlevi, na mlevi ni yule wa mtaroni, kiatu kimoja, watoto wanamrushia maganda ya ndizi. Kundi lenyewe halijakubaliana. Kuna baba mmoja husema "mimi ni mgonjwa wa pombe", na mama mmoja humjibu kila mara kwamba mgonjwa huletewa matunda, yeye nani alimletea matunda? Nilisimama nikasema mimi ni mlevi. Tumbo lilijikunja kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo. Watu wakaitikia karibu, wakanitaja jina, basi, wakaenda kwa mwingine.

Jina nalo ni hadithi. AA hutumia jina la kwanza tu ili usijulikane. Lakini Eastlands mwanamke haitwi jina lake, anaitwa Mama Fulani, na ukitaja Fulani umemtoa mtoto uchi mbele ya shule nzima. Nilitoa jina la utotoni ambalo hakuna aliyeniita tangu nyanya yangu afariki kule Taita. Sasa nina watu 20 wanaoniita kama alivyoniita nyanya.

Utaambiwa utafute mtu wa kukushika mkono kwenye hatua 12 za AA za kuacha pombe, mzoefu unayeweza kumpigia simu wakati wowote. Wanamwita sponsa. Mtaani sponsa ni mpenzi mwenye pesa anayekugharamia, kwa hiyo tafadhali, ukiwa kwenye matatu usiseme kwa sauti "ngoja nimpigie sponsa wangu". Mimi nilisema, na kondakta akanitazama juu hadi chini, akamwambia dereva hata umri si kitu siku hizi. Sponsa wangu ni muuza samaki wa miaka 61.

Kasoro zipo. Wanaume ni wengi mno, siku nyingine tuko wanawake watatu kati ya 20. Alikuwapo mmoja aliyejifanya kunisindikiza kwa steji, akaanza kuniambia upweke ndio hurudisha mtu kwenye chupa. Nilimweleza sponsa wangu, naye alimweleza bwana yule mambo fulani kwa Kijaluo ambayo sikuyaelewa, na tangu hapo hunisindikiza kwa macho tu. Mwanamke mgeni, shika namba ya mwanamke mwenzio kwanza.

Kasoro nyingine: zile sarafu za kuhesabia siku, za mwezi, za miezi mitatu, huagizwa mbali na zikiisha mtu anapewa makofi. Mwezi wangu wa kwanza nilipewa makofi. Nikaleta vifungo. Cheupe cha shati kwa siku ya kwanza, cha kahawia cha suti kwa siku 30, na kile kikubwa cha koti, cha mashimo manne, kwa miezi mitatu. Mzee hutaka ashike kila kifungo kabla hakijatolewa, ahesabu mashimo.

Changu cha kahawia nimekipokea mara mbili. Wiki ya tano, baada ya mazishi ya mjomba, niliteleza siku nne. Nikaja mkutanoni nimetafuna karafuu. Mzee alinishika mkono, akanusa, akasema "keti karibu na dirisha", palepale pa kwanza. Hakuna aliyenihubiria. Muuza samaki alinipa kifungo cheupe kutoka kwa kopo langu mwenyewe.

Kwa watu wa nyumbani kuna Al-Anon, ni ndugu ya AA, ilianza 1951, ni ya wale wanaoishi na mnywaji. Nimemwambia binti. Amesema atafikiria baada ya mtihani. Kila asubuhi ananijazia ile chupa ya samawati, sasa ni chai ya tangawizi kweli, na kabla ya kufunga kifuniko hunusa. Anadhani simwoni.

Yule wa gauni nilimtafuta mwezi wa nne, ni sehemu ya zile hatua, kwenda kurekebisha ulichoharibu. Nilimshonea lingine bure, kitambaa changu. Alilichukua, akaligeuza akakagua mikono yote miwili, akasema asante bila kutabasamu. Ni haki yake.

Nilikuwa nimenyima nyota moja nzima kwa sababu ya choo. Choo ni kimoja kwa jengo lote, na ufunguo huning'inia kaunta ya baa. Fikiria: umetoka kulia kuhusu pombe, umebanwa, unateremka kumwomba mhudumu ufunguo, naye yuko katikati ya kumimina, anakwambia subiri kidogo hapo kwenye stuli. Tumelalamika miezi. Wiki jana hatimaye ufunguo wa pili umechongwa, sh 200 kutoka kwenye kikapu, na nimeufunga kwenye kipande kirefu cha kitenge chekundu usipotee. Nusu nyota nimeirudisha. Nusu iliyobaki ni ya taa ya choo, ambayo bado haiwaki.